Uzi: Kijana, familia na VVU Unguja na Pemba – nani nyumbani aambiwe, aambiwe nini, na lini

#1 Karafuu_Mbichi

Assalaam alaykum wanabarza.

Naufungua uzi huu kwa sababu tukizungumza VVU hapa visiwani tunazungumza takwimu na mabango, nyumba tunaiacha nje. Takwimu zetu ni ndogo. Tangu wagonjwa 3 wa mwanzo walipogunduliwa hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 1986, kiwango cha jumla cha maambukizi Zanzibar kimebaki chini ya asilimia 1. Alhamdulillah. Lakini udogo huohuo ndio unaomfanya mzazi aseme "hayo maradhi ya Bara", na kijana wake akisikia hivyo anajua kwamba siku akipata shida, kwao hakuna mlango wa kugonga.

Ninalotaka tulijadili ni sitara. Sitara ni kuilinda siri ya mtu isimdhuru. Kimya ni kumficha mtu habari inayouhusu mwili wake mwenyewe. Nyumba zetu nyingi zinafanya hilo la pili na kuliita la kwanza.

Nianze na mazungumzo, maana hapo ndipo tunapochelewa. Programu ya Families Matter!, iliyotumika Kenya na Tanzania Bara, iliwalenga wazazi wa watoto wa miaka 9 hadi 12 makusudi, yaani kabla mtoto hajaanza mambo. Mzazi anayengoja binti avunje ungo au kijana aote ndevu ameshatanguliwa na simu na wenziwe wa mtaani.

Mtoto wa miaka 5 hadi 8 anahitaji majina ya viungo vyake, ajue nani haruhusiwi kumgusa (hata akiwa ami au mwalimu wa chuo cha Qur'ani), na ajue amwambie nani. Wa miaka 9 hadi 12 aelezwe hedhi na ndoto kabla hazijamfika, mimba inaingiaje, na VVU vinaambukiza kwa njia gani: kujamiiana, damu, na mama kwenda kwa mtoto. Sahani, choo, mbu na kupeana mkono havimo. Kuanzia 13 aelezwe kupima, kondomu, na dawa za kinga ndani ya saa 72, nitakazozirudia chini. Kumwambia kijana kondomu ipo si kumruhusu zinaa, kama vile kumwonesha mlango wa dharura boti inapong'oa nanga si kumwombea izame.

Na maneno yawe mafupi. Dakika 5 mkimenya muhogo zinafaa kuliko hotuba ya saa nzima ya mwaka mara moja. Ukiulizwa usilolijua, sema "ngoja niulize kituoni, kesho nikujibu", na kesho ujibu kweli. Mzazi asiyerudisha jibu haulizwi mara ya pili.

Wenye ujuzi wa kliniki, dini, unyago na maskani (vijiwe vya vijana), karibuni.

#2 Somo_wa_Mkoani

Bi Karafuu, ahsante. Niongeze la upande wetu masomo.

Mila ilitupa mtu wa kusema yale mama anayoyaonea haya. Somo anamchukua mwali anapovunja ungo, halafu anamrudia kabla ya harusi. Siku hizi hatua ya mwanzo inarukwa, binti anaonana na somo wiki ya harusi tu, tena kwa mambo ya kumpendeza mume. Miaka 8 au 10 ya katikati hana mtu. Kwa hiyo atafutwe somo mapema, awe khalati au shangazi anayeaminika, na mama amwambie binti waziwazi: "likikushinda kuniambia mimi, mwambie fulani, hatanieleza bila ya ruhusa yako." Ahadi hiyo ikivunjwa mara moja tu, mlango umefungwa.

Kwa wavulana ndio hatari zaidi. Jando liliondoka na mafunzo yake, sasa mtoto anatahiriwa mdogo hospitali, ganzi na bandeji, basi. Halafu ukubwani anasikia kwamba tohara inakinga VVU. Inakinga kwa sehemu: inampunguzia mwanamme uwezekano wa kuambukizwa na mwanamke kwa karibu asilimia 60. Haimkingi mwanamke anayelala naye, wala haifuti hiyo asilimia 40. Babu au ami amkalishe kijana amwambie hivyo kwa tarakimu, asimwambie "wewe mwanamme, utajua mwenyewe".

Jengine ni kufuatilia. Mzazi anayejua mwanawe yuko wapi ni yule ambaye mtoto humwambia mwenyewe. Anayepekua simu na kupiga hujua kidogo zaidi, maana mtoto amejifunza kuficha. Ukiona binti ana simu mpya, uliza imetoka wapi kwa sauti ileile unayoulizia bei ya samaki. Ukianza kwa kelele utapewa uongo, na huyo mtu mzima anayemhonga atabaki salama.

#3 Nesi_Chake

Wanabarza, mie nitashika watoto waliozaliwa na VVU, kwa sababu hapo kimya cha nyumbani kinaonekana hadi kwenye kipimo cha damu.

Kwanza mjue maambukizi haya yanazuilika. Mama mwenye VVU asipopata huduma yoyote, uwezekano wa mtoto kuambukizwa ni asilimia 15 hadi 45. Akitumia dawa vizuri tangu mimba, mtoto akapewa dawa ya kinga tangu kuzaliwa, unashuka chini ya asilimia 5. Kinachoharibu mara nyingi ni nyumbani: mama amemficha mume na mkwe, kwa hiyo hawezi kueleza kwa nini mtoto mchanga anapewa dawa, au mkwe anamwanzishia mtoto uji mwezi wa 2 huku ananyonya. Maziwa ya mama peke yake, miezi 6, bila ya maji wala uji.

Sasa yule aliyekwishaambukizwa. Dawa yake hufuata kilo. Dolutegravir ya watoto ni kidonge cha miligramu 10 kinachoyeyuka: mwenye kilo 10 hadi chini ya 14 hupewa 2, mwenye 14 hadi chini ya 20 hupewa 2 na nusu, pamoja na dawa nyengine zake. Akifika kilo 20 anahamia kidonge cha miligramu 50 cha watu wazima. Akifika 30 anaweza kutumia kile kidonge kimoja cha siku chenye dawa 3 ndani. Ndiyo maana kila akienda kliniki apimwe uzito. Kumtuma dada achukue dawa huku mtoto yuko skuli mwaka mzima ni kumwacha kwenye dozi ya mwaka jana.

Na aambiwe ukweli. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011 unataka mtoto wa umri wa skuli aelezwe hali yake, na mdogo zaidi aelezwe kidogokidogo. Huku kwetu mtoto anaambiwa "hii dawa ya kifua", "hii ya pumu". Atafika miaka 13, atasoma jina la dawa kwenye kichupa, atalitafuta kwenye simu, atajua peke yake usiku. Wengi wanaoacha dawa katika umri huo hawajachoshwa na kidonge. Wamegundua kwamba wamedanganywa na wale waliokuwa wakiwaamini.

Utaratibu unaofaa:

Miaka 5 hadi 7, bila ya kutaja jina la maradhi: "Kwenye damu yako kuna vijidudu vimelala. Dawa inavifanya viendelee kulala. Ukiacha vinaamka." Hakuna uongo ndani yake, na baadaye hutahitaji kufuta kitu.

Miaka 8 hadi 10 ongeza: vijidudu vinashambulia askari wa mwili, haviendi kwa kucheza na wenzako, ukiumia damu isiguswe na mtu mikono mitupu.

Miaka 10 hadi 12 taja jina. Panga siku na nesi au mshauri, isiwe wiki ya mitihani wala siku ya harusi au msiba nyumbani. Awepo mlezi mmoja au wawili, si ukoo. Mlezi ndiye aseme, nesi akae pembeni. "Unakumbuka vile vijidudu? Jina lake ni VVU. Ulizaliwa navyo. Dawa unayokunywa ndiyo ya kuvizuia, na ndiyo iliyokukuza ukafika hapa." Halafu nyamaza. Swali linalokuja karibu kila mara ni "nimevipata kwa nani?" Jibu fupi la mama: "Kwangu. Nilikuwa sijajua, au dawa zilinichelewa. Sikutaka uvipate." Mama akilia si vibaya. Vibaya ni kumtupia baba aliyekufa au kumwambia mtoto "mtihani wa Mungu" halafu akaondoka.

Siku hiyohiyo mkubaliane nani mwengine anajua. Andikeni majina kichwani: bibi, shangazi, basi. Mtoto apewe na jibu la kuwajibu wenziwe, kwa mfano "nakwenda kliniki, nina dawa ya kila siku". Hajadanganya, na hakutaja. Wiki 2 baadaye mrudi kliniki, kwani maswali ya kweli huja akishalala nayo.

#4 Dago_Tumbatu

Nesi, hayo ya nyumbani sawa. Kijana wa miaka 18 anayekwenda dago (kambi ya uvuvi) wiki 3 na wavuvi 10, au aliye dahalia kitanda kwa kitanda? Au msimu wa karafuu anapolala kambini? Kichupa cha dawa kinalia kama kayamba, kila mtu anasikia.

#5 Nesi_Chake

Swali la maana, kaka. Kichupa kinacholia ndicho kinachowafanya wamwage vidonge kwenye mfuko wa plastiki, na hapo dawa inaharibika.

Mle ndani mna kifuko kidogo kinachonyonya unyevu. Kisitolewe, na kisiliwe. Dawa inataka mahali pakavu, chini ya nyuzijoto 30, mbali na jua. Kwa hiyo jikoni hapafai, dirishani hapafai, na mtumbwini chini ya turubai la jua kali hapafai kabisa. Sauti inazimwa kwa pamba safi iliyojazwa juu ya vidonge. Mkono ukiwa na maji ya chumvi, aukaushe kwanza kabla ya kukifungua.

Kwa safari, achukue vidonge vya siku zake na akiba ya siku 7, kwa sababu bahari ikichafuka hakuna boti. Vikae ndani ya kichupa chao, kichupa ndani ya kopo lenye kifuniko cha kubana, kopo ndani ya begi la nguo. Akitaka kuchukua kidogo mfukoni, achukue cha siku hiyo tu.

Alamu ya simu aipe jina la kawaida, iwe "chaji" au "mpigie mama". Na hapa familia inafanya kazi hata ikiwa mbali: mtu mmoja nyumbani anamtumia ujumbe saa ileile, "umekula?" Yeye anajibu "nimekula". Hakuna atakayesoma akajua. Asiulizwe na watu 3, huyo mtu mmoja anatosha.

Kuhesabu nako kuna adabu yake. Kichupa cha 30, siku ya 10 asubuhi kabla ya dozi, vibaki 21. Vikibaki 25 amekosa 4. Mhesabu naye amekaa pamoja nawe, usihesabu kwa siri. Kijana anayehesabiwa kisirisiri hujifunza kuvitupa chooni ili hesabu itimie, na hili ndilo linalotupoteza zaidi kliniki: hesabu safi, virusi juu.

Akisahau, anywe pale anapokumbuka. Ikiwa saa ya dozi inayofuata imeshakaribia, anywe hiyo moja tu kwa wakati wake. Asinywe 2 kwa pamoja kufidia. Lengo ni asikose zaidi ya dozi 1 au 2 kwa mwezi. Kipimo cha wingi wa virusi miezi 6 tangu kuanza ndicho kitakachosema. Kikivuka nakala 1,000 za virusi kwa mililita ya damu, haimaanishi moja kwa moja kwamba dawa imeshindwa. Anafanyiwa ushauri wa karibu, kwa kawaida vikao 3, kisha anapimwa tena. Vikao hivyo aje na yule mtu mmoja wa nyumbani.

#6 Mkaa_Barza

Ila Ramadhani lazima asimame mwezi mzima, dawa inafunguza. Na akirudi Mfunguo Mosi (Shawwal) anywe mbilimbili kurudishia.

#7 Ustadh_Kijijini

Ndugu yangu, tafadhali usiliache neno hilo likasomwa na mtu akalifuata. Yote mawili hayo ni hatari.

Kidonge ni kimoja kwa saa 24. Usiku wa Ramadhani upo, tena mrefu wa kutosha. Anayekunywa saa 3 usiku mwaka mzima hana cha kubadilisha: anatoka tarawehe, anakunywa. Anayekunywa asubuhi au mchana ahamie usiku siku chache kabla ya mwezi kuandama, na kuhama ni kukiwahisha: siku ya kuhama anywe cha asubuhi kama kawaida, na usiku ule anywe cha usiku, kisha aendelee hapohapo. Amwambie nesi kabla. Asiache siku nzima ipite katikati.

Mgonjwa ameruhusiwa kula, ndani ya Suratul Baqara, kwa aya iliyo wazi. Kwa hiyo kijana aliyeanza dawa karibuni, mwenye kifua kikuu au aliyedhoofu, asilazimishwe kufunga ili majirani wasiulize. Hapo ndipo familia impe sitara ya kweli: ale chumbani, na mama awe ndiye anayejibu "ana vidonda vya tumbo" au asijibu kabisa.

Nesi aseme la futari, maana mie nimesikia habari ya dawa za kiungulia.

#8 Nesi_Chake

Ahsante Ustadh. Ndiyo. Watu wanafuturu kwa mbatata za urojo, bajia na pilipili, kiungulia kinapanda, wanakunywa dawa ya kiungulia. Zile zenye magnesi au alumini zinaishika dolutegravir tumboni isiingie mwilini. Anywe dolutegravir saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu navyo ni hivyohivyo, ila hivi viwili vinaweza kunywewa pamoja na dolutegravir ikiwa ni juu ya chakula.

Na kombe, yaani maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, kwa kuwa litaulizwa: kunywa kombe hakugombani na kidonge, muradi kidonge kisiachwe. Linalogomba ni mtu kuambiwa "acha ya hospitali hadi umalize ya hapa". Mizizi na magome yasiyojulikana yatajwe kliniki, hatutamgombeza mtu.

#9 Kidutu_wa_Ngambo

Mmezungumza watoto wa nyumbani, nami nataka mfike maskani. Maambukizi ya hapa hayakutawanyika sawasawa. Yamejaa zaidi kwa makundi machache, na wanaojidunga unga (heroini) wamo. Hao ni watoto wa nyumba za watu, wana mama zao.

Familia inapomfukuza kijana anayejidunga, haimtoi kwenye unga. Inamtoa kwenye sabuni, chakula na bomba lake la sindano. Anahamia gofu, na kule wanachangia. Na msifikiri ni sindano peke yake: kijiko kimoja cha kupikia, pamba moja ya kuchujia, maji ya kikombe kimoja ya kusuuzia, vyote vinabeba damu. VVU vinapita hapo na homa ya ini C inapita upesi zaidi.

Cha kufanya. Kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, ya Kidongo Chekundu, Unguja, ilifunguliwa mwaka 2015. Dawa hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, haichukuliwi nyumbani mwanzoni. Kwa hiyo kinachomwangusha kijana ni nauli na asubuhi, vitu viwili ambavyo familia inaviweza. Nauli apewe ya siku hiyohiyo, au asindikizwe. Akikosa siku 3 mfululizo asinyweshwe dozi ileile kwa pupa, mwili umeshaanza kuizoea hali ya bila dawa. Apimwe upya na kliniki.

Mwenye VVU anayekunywa methadoni aziambie kliniki zote mbili, ya huku na ya kule, kuhusu dawa zake zote. Efavirenz na nevirapine, ambazo ni dawa za VVU, hushusha methadoni mwilini, na rifampisini ya kifua kikuu huishusha sana. Kijana anaanza kutetemeka, jasho, mafua, mama anasema "amerudia unga". Hajarudia, dozi imepungukiwa na inarekebishwa. Dolutegravir haina tabu hiyo kwa methadoni, lakini yenyewe ikikutana na rifampisini inabidi inywewe mara 2 kwa siku badala ya 1.

Jambo la mwisho upande huu: apimwe homa ya ini B. Dawa 2 kati ya zile 3 za kidonge cha VVU zinaikandamiza pia. Akiziacha ghafla, ini linaweza kuchafuka vibaya.

#10 Karafuu_Mbichi

Allah akulipe, Kidutu. Niliahidi saa 72, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote ndani ya uzi huu.

Mtoto au kijana akibakwa, na mara nyingi aliyemfanyia ni mtu wa ndani au jirani, familia inaita kikao. Ami yuko Dar es Salaam, anangojwa. Kikao kinakaa Ijumaa baada ya swala. Tukio lilikuwa Jumapili. Hapo saa 72 zimeshakwisha tangu Jumatano, na dawa za kinga, PEP, hazifai tena. Wazee wanasema "tulisitiri", na aliyesitiriwa ni mkosaji.

Utaratibu ni huu, na kikao kije baadaye kama kitakuja.

Asioge, asijisafishe, asipige mswaki ikiwa aliingiliwa mdomoni. Nguo alizovaa zitiwe kwenye mfuko wa karatasi au bahasha. Plastiki huzifanya ziote unyevu na ushahidi ukaharibika. Apelekwe kituo cha Mkono kwa Mkono. Mnazi Mmoja kipo na Chake Chake kipo, na pale daktari, polisi na mshauri wanapatikana pamoja, asirudie kusimulia kila ofisi. Ikiwa usafiri wa Micheweni au Makunduchi ni wa shida usiku, nendeni hospitali iliyo karibu ianze dawa, kwa sababu kila saa inayopita inapunguza kinga. Simu ya bure ya watoto ni 116.

Atapimwa VVU siku ileile kujua alianzia wapi. PEP ni siku 28, kila siku, bila ya kukatisha. Mtoto hupewa kwa kilo zake. Binti aliyevunja ungo apewe dawa ya kuzuia mimba mapema iwezekanavyo, mwisho saa 120. Kupima tena VVU ni wiki ya 6 na mwezi wa 3.

Kinachoharibika: wiki ya 2 kichefuchefu kinamjia, bibi anasema "hizi dawa zinamuua, mwacheni". Apewe baada ya chakula, usiku, na kliniki iambiwe. Zisikatwe. Na mtu mmoja wa nyumbani ashike kazi hiyo ya siku 28 kwa jina, maana ikiwa ya wote itakuwa si ya mtu.

#11 Somo_wa_Mkoani

Nisaidieni na la posa. Familia zinadai cheti cha kupima kabla ya nikaha, na mie naliunga mkono. Ila namna linavyofanywa linatia watu aibu.

#12 Nesi_Chake

Bi Somo, kupima kabla ya ndoa ni jambo jema, likifanywa na wachumba wenyewe, pamoja, mapema. Inavyoharibika ni hivi.

Wanapima siku 3 kabla ya harusi, wageni wameshaalikwa, ng'ombe ameshanunuliwa. Jibu likija hivyo hakuna nafasi ya kufikiri. Pimeni posa inapokubaliwa, na rudieni baada ya miezi 3, kwa sababu kipimo cha haraka kinaweza kuwa hakijaona maambukizi ya karibuni.

Jibu linakabidhiwa kwa mjomba, au linapigwa picha na kutumwa kwenye kundi la harusi. Jibu ni la aliyepimwa. Yeye ndiye anayemwambia mchumba wake, mbele ya mshauri, na ukoo utaambiwa "tumepima, tumeelewana" tu, au "tumeahirisha". Posa ikivunjika sababu isitajwe. Hapo sitara ina mahali pake hasa.

Halafu wanadhani jibu la mmoja kuwa na VVU ni mwisho. Mwenye VVU anayetumia dawa hadi virusi visionekane kwenye kipimo, na akabaki hivyo, haambukizi kwa kujamiiana. Mwenziwe anaweza kutumia dawa kinga za kila siku, PrEP, mpaka hapo watakapokuwa na uhakika. Wanazaa watoto wasio na VVU. Waamue wao wakiwa wanajua hayo.

Na kipimo cha posa si cha maisha. Mume akiongeza mke, au mtu akiachwa akaolewa pengine, kila mlango mpya una kipimo chake, cha wote watakaokuwamo.

Kuna pia kipimo cha kujipima cha ute wa mdomoni kwa anayeona haya kituo. Asile wala asinywe dakika 15 kabla, apitishe kijiti kwenye fizi ya juu mara moja na ya chini mara moja, akitie kwenye maji yake, asome jibu baada ya dakika 20, isizidi 40. Mstari mmoja kwenye C, hakikuona kitu. Miwili, hata wa pili ukiwa hafifu, aende kituoni kuthibitisha. Bila ya mstari wa C kimeharibika. Mzazi asimpimie kijana kwa nguvu wala kwa hila nyumbani. Akipata miwili bila ya mshauri, usiku, huwezi kujua atafanya nini.

#13 Dago_Tumbatu

La mwisho upande wangu. Kijana anatoka Wete, amepata chuo Unguja. Bibi yake ndiye aliyekuwa anamshika mkono. Anahamaje bila ya kupotea njiani?

#14 Nesi_Chake

Aanze miezi 2 kabla. Mara ya mwanzo aingie kwa daktari peke yake, bibi abaki kwenye benchi. Mara ya pili aje peke yake kabisa. Ajue kwa moyo jina la dawa yake, jibu lake la mwisho la wingi wa virusi na tarehe yake, na dawa gani ilimdhuru zamani.

Wete wampe barua ya uhamisho pamoja na kadi yake ya CTC (kliniki ya huduma na matibabu ya VVU), na dawa za kumfikisha, zisipungue mwezi 1. Achague kituo cha Unguja asichokutana na watu wa mtaa anakokaa, ila kisiwe mbali kiasi cha nauli kumshinda. Ajiandikishe wiki ya mwanzo, asingoje dawa zibaki 3. Jumuiya ya ZAPHA+, ya watu wanaoishi na VVU Zanzibar, ina vijana wa Unguja na Pemba, wanaweza kumpokea mgeni.

Bibi asimwache. Saa 3 usiku ampigie, amuulize kama amekula.

#15 Dago_Tumbatu

Nimenakili yote, nampelekea bibi kwa sauti, hasomi ujumbe. Ahsanteni.